Mpaka Mwezi Uandame

Julai huwa na baridi hapa Pumwani, Nairobi, na ndio mwezi ambao vijana hunijia na habari ile ile: samaki wamekufa. Mwaka huu wamekuja wengi. Ufugaji wa samaki wa mapambo umeshika kasi Eastlands, na tangi la kioo limejipatia nafasi sebuleni kando ya televisheni, iwe ni Majengo, Gorofani, Shauri Moyo au Kaloleni. Kisa hakibadiliki sana. Samaki walikuwa wazima kwa miezi, kisha wakanunuliwa wenzao wawili watatu wa rangi nzuri, wakamiminwa tangini jioni ile ile. Haukupita muda mrefu, wageni na wenyeji wote wakawa wanaelea.

Nikiuliza kama wageni waliwekwa kando kwanza, napata jibu lilelile. "Lakini mzee, yule muuzaji tunamjua," aliniambia msichana mmoja juzi, huku ameshika ndoo ya samaki waliokufa. "Na wenyewe walikuwa wanacheza vizuri tu." Hayo mawili, kwamba muuzaji anajulikana na kwamba samaki alikuwa mchangamfu, ndiyo yanayomaliza samaki wengi mtaani kwetu. Yamenirudisha nyuma sana, mpaka kwenye nyumba ya udongo na mabati ambako nilijifunza kwa mara ya kwanza jinsi mgeni wa majini anavyopokelewa.

Mapema miaka ya 1970 Majengo ilikuwa bado mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele. Katika nyumba tuliyopanga, chumba cha kwanza mkono wa kulia kilikuwa cha mzee mmoja ambaye watoto wote tulimwita Babu. Alikuwa ametunza bustani ya familia moja Parklands kwa miaka mingi, na familia hiyo ilipohama nchi ilimwachia tangi la kioo na samaki wa dhahabu waliokuwamo. Alilileta Majengo kwa mkokoteni. Chumba chake hakikuwa na umeme, kwa hiyo asubuhi na jioni alichota maji ya tangi kwa kikombe cha bati akayamimina tena kutoka juu, taratibu, ili yapate hewa.

Mara moja moja Babu alipata samaki mpya kutoka kwa watunza bustani wenzake. Siku hiyo tulijazana mlangoni tukitaka kumwona mgeni akiingia tangini, na kila mara tulingoja bure. Babu alikuwa na beseni la enameli, jeupe lenye ukingo wa bluu, aliloliweka karibu na dirisha na kulifunika kwa kipande cha chandarua ili samaki asiruke nje. Mgeni alitiwa humo.

"Babu, huyu ataingia lini kwa wenzake?"

"Mpaka mwezi uandame, mjukuu wangu, ukue ufike tena pale ulipo leo."

Mtaani kwetu watu wengi walihesabu siku zao kwa mwezi, na hata sisi watoto tulijua kuutafuta magharibi jioni ya siku ya 29. Samaki akija mwezi ukiwa nusu, alikaa beseni mpaka nusu ile irudi. Hapakuwa na mjadala, wala rangi ya samaki haikumpunguzia siku.

Beseni lilikuwa na kikombe chake, kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Kikombe kile hakikugusa tangi kubwa hata siku moja. Babu alilisha samaki wa tangini kwanza, akamalizia na wa beseni, kisha akaenda uani kunawa mikono hadi viwikoni na kuisuuza kwa maji mengi. Siku moja mtoto wa chumba cha pili alichovya kidole beseni akakimbilia tangini, na Babu akamdaka mkono ungali hewani. Hakumkemea. Alimpeleka uani, akamnawisha, akamrudisha amtazame samaki anayemtaka.

Miaka mingi baadaye nilikuta utaratibu ule ule katika miongozo ya wafugaji wa nchi za mbali: karantini iwe na wavu wake, ndoo yake na mpira wake wa kunyonyea maji, na kazi ianzie kwa wenyeji iishie kwa wageni, kwa sababu tone moja la maji linaweza kubeba maradhi kutoka chombo hadi chombo. Lakini kilichonikaa zaidi moyoni ni namna yule wa beseni alivyotunzwa. Maji yake yalibadilishwa kila siku, kwa maji yaliyolala ndooni usiku kucha. Aliwekewa kigae cha mtungi uliovunjika apate pa kujificha. Alipewa chakula kile kile cha wenyeji, tena kwa kiasi kidogo kidogo ili Babu aone kama anakila. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Babu aliitimiza methali hiyo pande zote mbili: mgeni alikuja akapata makao, na mwenyeji akabaki mzima.

Katika miaka ya 1980 nilizoea kumtembelea rafiki yangu fundi cherehani, Shauri Moyo. Alikuwa na tangi zuri la gapi na moli, na Julai moja alileta moli weusi wawili. Waliingia moja kwa moja. Baada ya siku chache mmoja wao alianza kujikuna: alishuka ubavu, akajipangusa kwenye jiwe, akachomoka mbio. Nilipochutama nikaweka uso karibu na kioo, niliona kwenye ule mwili mweusi, nyuma kidogo ya pezi, doa moja jeupe, dogo kama punje ya chumvi. Kesho yake madoa yalikuwa mengi. Kisha yakapukutika yote, samaki akawa safi, na rafiki yangu akashukuru Mungu kwamba amepona. Hazikupita siku nyingi tangi zima likawa na madoa, gapi wote wanahema juu ya maji. Hakubaki hata mmoja.

Kutoweka kwa madoa kulikuwa ndio mwanzo wa balaa. Kidudu cha ugonjwa huu kinaitwa kisayansi Ichthyophthirius multifiliis, jina lililotolewa na Fouquet mwaka 1876. Hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na ndani ya matamvua, kikala na kunenepa, na doa jeupe tunaloliona ni yeye mwenyewe akiwa amekomaa. Akishiba hutoka, hushuka chini ya tangi, hujifunika utando, kisha hugawanyika na kugawanyika mpaka hutoa mamia ya watoto, pengine hata elfu. Watoto hao huogelea wakimtafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Dawa huwaua wakiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu. Walio ndani ya ngozi na walio ndani ya utando dawa haiwafikii. Ndiyo maana matibabu ya siku moja hayafui dafu, na ndiyo maana samaki anaweza kutoka dukani akiwa hana doa lolote mwilini, kidudu kimejibanza matamvuani.

Baridi ya Julai nayo ina kazi yake. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, kidudu hiki humaliza mzunguko wake ndani ya wiki moja. Maji yakipoa, mzunguko hurefuka: kwenye nyuzi 15 hukaribia wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 huweza kupita mwezi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na tangi lisilo na hita katika chumba cha mabati hupoa sana usiku. Anayesoma mahali kwamba wiki moja inatosha asome pia joto lililokusudiwa. Huku kwetu, msimu wa baridi, wiki moja huenda ikawa ni muda wa kidudu kunenepa tu. Mwezi wa Babu ulikuwa unatoa nafasi ya mzunguko wa kwanza kupita na wa pili kujitokeza wazi, hata maji yakipoa hadi nyuzi 15.

Baadaye niliishi kwa kupara samaki Gikomba, kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake sokoni. Tulifika kabla ya adhana ya alfajiri, malori ya kutoka ziwani yakishusha. Kulikuwa na ngege na mbuta kwenye barafu, omena wa kupimwa kwa gorogoro, na mgongo wazi, ile mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, ambayo familia nyingi za Eastlands zimelelewa nayo. Mama yule hakununua kwa kutazama mwili. Aliinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba akatazama rangi ya matamvua: mekundu ya damu alichukua, ya kahawia aliacha.

"Mwanangu, mwili huoshwa," aliniambia. "Humu ndani hapaoshwi."

Nimeyakumbuka maneno hayo kila nilipoinama mbele ya tangi la muuzaji. Samaki wa jikoni utamfunua shavu ujue habari yake, lakini aliye hai hafunuliwi kwa kidole. Cha kumfunua ni muda. Ukimweka peke yake mahali palipotulia utaanza kuona mambo ambayo dukani, kati ya samaki mia, hayaonekani: anahema haraka, au anatumia upande mmoja tu wa matamvua, amebana mapezi, anatema chakula, kinyesi chake ni cheupe na chembamba. Kwa gapi, tazama kwenye tundu la haja, kwa kuwa kuna minyoo myekundu ambayo hukaa tumboni majuma kadhaa kabla ya kuchungulia pale nje. Methali yetu inasema samaki mmoja akioza wameoza wote, nayo ni kweli kwa kapu la sokoni, ambako uozo unanuka. Katika tangi, anayeleta msiba mara nyingi ni yule aliye mzima machoni, anayekula na kuogelea kama wengine. Kwa hiyo siwalaumu wauzaji kwa jumla. Wengi wao wanasema kweli kwamba samaki wao hawajaonyesha dalili. Hao samaki wamefika dukani juzi, wamesafiri wamefungwa mifukoni, wamechanganywa na waliotoka kwingine, na uchovu wa safari hupunguza kinga ya mwili. Maradhi yaliyolala huamka baada ya safari, na siku hizo za kuamka huwakuta kwa mnunuzi.

Nilipobahatika kufika Unguja, nilivuka kwenda Kisiwa cha Changuu, mwendo mfupi kwa mashua kutoka Mji Mkongwe. Watalii huenda kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni zawadi kutoka Shelisheli. Mimi nilitaka kuona majengo. Yalijengwa miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza, lakini kisiwa kikaishia kuwa kituo cha karantini cha abiria wa meli, hofu kubwa ikiwa ni homa ya manjano. Msafiri aliyetoka mbali alikaa pale siku kadhaa, akitazama mji ng'ambo, mpaka ijulikane hana ugonjwa. Utaratibu huo ni mkongwe. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wanaotoka sehemu zenye tauni wakae nje ya mji siku 30 kabla ya kuingia, na bandari nyingine baadaye zikaongeza hadi 40. Hawakujua bakteria ni nini. Elimu hiyo ilikuja karne tano baadaye. Walichojua ni kwamba ugonjwa unaojificha haujifichi milele. Na siku zao 30 ni mwezi mmoja, sawasawa na hesabu ya Babu beseni mwake.

Lakini mtu wa Pumwani hawezi kuisifu karantini bila kusema upande wake mwingine. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, wakuu wa mji walichoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 alikuja Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikatumika kuhalalisha watu wa kila rangi kupewa eneo lao. Pumwani yenyewe ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji vya Nairobi kama Mombasa, Maskini na Pangani wakusanywe mahali pamoja. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee wa Majengo walitusimulia hayo barazani bila kuficha uchungu. Maneno ya usafi na maradhi yalitumika kumweka mtu pembeni maisha yake yote.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza maswali matatu kila nisikiapo karantini, iwe ya watu, ng'ombe au samaki. Ina siku ya kwisha? Ina sababu inayoeleweka? Na aliyetengwa anatunzwa vipi? Beseni la Babu lilikuwa na majibu matatu. Ubaguzi wa wakoloni haukuwa na hata moja, na hautakuwa karantini hata uvishwe koti jeupe la daktari.

Maswali hayo yalirudi mwaka 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13. Mei 6 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kufungwa kwa Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, watu wasiingie wala wasitoke. Eastleigh ni jirani yetu kabisa: huko ndiko wengi wa Majengo wanakofanya vibarua, wanakonunua na kuuza. Tuliona vizuizi, tukaona akina mama waliotegemea kufua nguo kule wakirudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka huo huo watu waliopelekwa karantini za lazima walikuwa wakidaiwa malipo ya kulala na kula. Mtaani nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema hawatapimwa, wala hawatamtaja jamaa anayekohoa, kwa kuogopa gharama na kuogopa kuonekana wakipandishwa gari. Karantini inapogeuka adhabu, watu huuficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa ndio unaoenea.

Samaki hawezi kuficha kwa hiari, lakini mfugaji anaweza kuharibu karantini kwa njia hiyo hiyo ya ukatili. Nimeona samaki wakitiwa ndoo finyu isiyo na hewa, gizani chini ya meza, wasibadilishiwe maji, kisha mwenyewe akasema karantini ndiyo iliyowaua. Ilikuwa sumu ya taka za miili yao wenyewe iliyowaua, yaani amonia. Samaki aliyechoka kwa safari akiongezewa maji machafu huugua hata kama alikuja mzima, na mfugaji hatajua lolote kuhusu hali aliyokuja nayo. Karantini mbovu inamtesa mgeni na tena haimlindi mwenyeji.

Kuna na jambo kubwa kuliko tangi la sebuleni. Mbuta alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na katika miongo iliyofuata mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo wasiopatikana popote pengine duniani, yalitoweka au kubaki machache mno. Gugumaji, ua zuri la bwawani lililotoka Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na hadi leo linaziba fukwe za Kisumu na Homa Bay. Mwaka 2017 shirika la FAO lilizitahadharisha nchi kuhusu kirusi kinachoua ngege wa kufugwa, na baadaye dalili za kirusi hicho zikapatikana pia katika samaki wa Ziwa Victoria. Haya yote ni habari za kiumbe kuhamishwa kutoka maji haya hadi yale bila mtu kungoja na kuchunguza. Australia, kwa kulijua hilo, kwa miaka mingi iliwaweka samaki wa dhahabu kutoka nje karantini ya wiki tatu kabla ya kuwaruhusu madukani. Nasi tuna mto unaopita Gikomba. Maji ya Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana na Sabaki, na Sabaki ikaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Samaki aliyekuchosha, au maji ya tangi lenye ugonjwa, hayatupwi mtoni.

Sasa vijana huniambia: mzee, tumekuelewa, lakini chumba ni kimoja, tunalala watano, tangi la pili tutaliweka wapi? Swali ni la haki, na jibu lake ni jepesi kuliko wanavyodhani. Beseni pana la plastiki la lita 20 au 30 linatosha kwa samaki wadogo wachache, na likimaliza kazi linaoshwa na kusimamishwa ukutani. Lisiwe la bati, kwa sababu madini ya zinki huyeyuka majini yakawadhuru samaki. Lipate pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji, kipande cha bomba au kigae cha kujifichia, na kifuniko cha chandarua. Sponji ikae kwanza ndani ya tangi kuu wiki kadhaa ili ishike bakteria wanaokula amonia, na mgeni akija ihamishiwe beseni. Haitarudi tangini mpaka imechemshwa na kukauka. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo yalale ndooni siku nzima kwanza. Mfuko wa dukani uelee kwenye beseni kwa robo saa ili joto lilingane, kisha samaki watolewe kwa wavu na maji ya mfuko yamwagwe. Hayo maji hayaingii popote: yamebeba amonia ya safari, na pengine zaidi ya amonia.

Kisha ungoje, na kungoja huku ni kazi. Lisha kidogo, toa uchafu, badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, tazama asubuhi kabla hujatoka na jioni ukirudi. Usitie dawa kwa kubahatisha. Dalili ikionekana, unatibu lita 20, dawa ni kidogo, na mimea na bakteria wa tangi kuu hawaguswi. Chumvi ya gramu 1 hadi 3 kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwanza na kutiwa kidogo kidogo, huwasaidia samaki wengi waliochoka. Usitumbukize mkono wenye kidonda, maana kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu anayeshambulia samaki na anayeweza kumwachia mtu vidonda sugu vya ngozi. Wiki nne zikipita bila dalili, mgeni aingie. Ukimwongeza mwingine katikati, hesabu inaanza upya kwa wote.

Na kama hata beseni moja ni mzigo, tufanye kama tunavyofanya kwa mengine yote Pumwani: tuungane. Tunazo chama za kununua sufuria na kulipa karo. Wafugaji watatu au wanne wa ploti moja wanaweza kuwa na beseni moja la karantini kwa zamu, likae kwa yule mwenye nafasi na anayerudi mapema jioni. Wanunue kwa pamoja, samaki waingie siku moja na watoke siku moja, kisha vyombo vioshwe kwa dawa ya klorini, visuuzwe na kuanikwa juani kabla ya zamu ya pili. Nimewasaidia vijana wa ploti mbili kuanza hivyo, na jambo la kwanza walilogundua ni kwamba wananunua samaki wachache zaidi na kuwajua vizuri zaidi.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Andikeni kwenye kioo cha kila tangi tarehe ambayo samaki wake waliingia dukani. Haigharimu kitu zaidi ya kalamu, na inampa mnunuzi mahali pa kuanzia hesabu yake. Yeyote kati yenu atakayeanza, nitawapeleka kwake vijana wote wanaonijia na ndoo.